Ana deni au hana deni? Jinsi ninavyolinganisha hedifoni zisizo na waya

Kazi yangu ni kugeuza mazungumzo kuwa maandishi. Watu hunitumia rekodi za mahojiano, mikutano na masimulizi ya wazee, nami hukaa na hedifoni masikioni saa 6 kwa siku nikiandika neno kwa neno. Siku moja niliandika "ana deni" mahali ambapo mzee aliyekuwa akihojiwa alisema "hana deni". Mwenye rekodi aliligundua kosa kabla ya kazi kuchapwa. Nikaazima hedifoni nyingine, nikarudia kipande kile, na h ilikuwapo. Ilikuwa nyepesi, pumzi tu, lakini ilikuwapo. Zile nilizokuwa nimevaa nilikuwa nimezichagua dukani kwa dakika tatu, kwa sababu wimbo niliojaribia ulinitetemesha kifua.

Tangu hapo sinunui hedifoni kabla ya kuzilinganisha kwa utaratibu ninaoueleza hapa. Hauhitaji mitambo yoyote. Unahitaji simu yako, rekodi mbili tatu unazozijua vizuri, na nusu saa kwa kila jozi. Ukiweza kuazima kwa rafiki au ndugu, bora zaidi, maana dukani mtu huona haya kukaa nusu saa na bidhaa masikioni. Usione haya.

Utazivaa wapi, kwa muda gani

Kabla ya kutazama jozi hata moja, chukua karatasi uandike mistari mitatu: utazivalia wapi, kwa saa ngapi mfululizo, na zitaunganishwa na nini. Karatasi yangu inasema: mezani, saa mbili mbili bila kuvua, nikiwa na miwani, kompyuta na simu kwa wakati mmoja, sauti za watu kuliko muziki. Mpwa wangu anakimbia barabarani alfajiri. Yake inasema: jasho, magari, dakika 50. Hedifoni zangu kwake ni hatari, zake kwangu hazifai kitu, na sote wawili tumenunua vizuri.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuchagulia umbo. Za kufunika sikio lote zinafaa kwa kukaa muda mrefu, ila zinaleta joto. Za kuchomeka ndani ya sikio ni nyepesi na zinaingia mfukoni, lakini sikio lisilozipenda haliwezi kubembelezwa. Za kukaa juu ya sikio mimi huzipita moja kwa moja, kwa kuwa hukandamiza gegedu la sikio kwenye mikono ya miwani. Na zipo za kuacha sikio wazi, zikiwemo zile zinazopitisha mtetemo kwenye mfupa wa shavu. Hizo ndizo za mkimbiaji, maana anasikia gari linalokuja nyuma yake. Besi zake ni hafifu, na hilo ni sawa kwa kazi yake.

Kichwa kwanza, sikio baadaye

Watu huanza na sauti. Mimi huanza na uzito na mbano, kwa sababu hedifoni nzuri iliyokaa mezani haisikiki. Tazama tofauti ya uzito peke yake: Sony WH-1000XM5 ina gramu 250 hivi, AirPods Max ina gramu 385 hivi. Ukizishika mkononi utasema ni kitu kidogo. Zikae utosini saa mbili, kisha useme tena.

Zivae bila kucheza chochote kwa dakika 20. Piga mwayo. Inama kama unayeokota kalamu. Geuza shingo huku na huku. Kama una miwani, ivae. Kwanza usikilizie kama mikono yake inachimba juu ya sikio. Pili, kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mkono wa miwani huinua mto wa hedifoni ukaacha upenyo, na besi hutorokea hapo. Nimewahi kuvua miwani katikati ya wimbo, besi ikarudi kama mtu aliyefunga dirisha. Mito laini inayojikunja kufuata mkono wa miwani ndiyo ninayoitafuta.

Kwa zile za kuchomeka, kila kitu kinategemea vimpira vya ncha. Kwenye boksi huwa kuna saizi tatu au zaidi, na watu wengi huacha vilivyokuja vimevalishwa. Vijaribu vyote, na ujaribu kila sikio peke yake: sikio langu la kushoto linataka kidogo, la kulia linataka cha kati, na nilichukua miaka kujua hivyo. Cheza wimbo wenye besi, kisha bonyeza kidogo kwa kidole ukielekeza ndani. Besi ikiruka ghafla, ujue kimpira hakikuziba. Hedifoni ngapi zimelaumiwa kwamba hazina besi, kumbe ni kimpira cha saizi isiyo yake!

Sawazisha sauti, ndipo ulinganishe

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, maana ulinganishaji mwingi unaharibikia hapa.

Sikio la binadamu huipenda sauti kubwa. Ukicheza wimbo uleule kwenye jozi mbili, moja ikiwa juu kidogo tu, hutasema "hii iko juu". Utasema "hii ni safi zaidi", "hii ina uhai". Tofauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja au mbili inatosha kukudanganya, na hedifoni mbili kwenye kiwango kilekile cha simu karibu kamwe hazilingani.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua rekodi ya mtu anayeongea, siyo muziki. Weka jozi ya kwanza kwenye kiwango unachokipenda. Vaa ya pili, panda na shuka mpaka yule mtu aonekane amekaa umbali uleule na wewe. Rudi ya kwanza, hakiki. Ukiwa na simu ya pili yenye programu ya kupima sauti, iweke maiki yake pale sauti ya hedifoni inapotokea, karatasi ngumu ikiziba pembeni, usome namba. Programu hizo hazina usahihi wa maabara, ila kwa kulinganisha kitu na kitu zinasaidia. Kisha zima vionjo vyote, yaani kuongeza besi, sauti ya kuzunguka na mengineyo, kwenye simu na kwenye programu ya hedifoni zenyewe. Baada ya kununua utarekebisha unavyotaka. Sasa hivi unataka kuona uso usiopakwa poda.

Cheza vipande vifupi, sekunde 20 hadi 30, uhamie jozi nyingine upesi. Kumbukumbu ya sikio kwa mambo madogo haikai. Ukisikiliza wimbo mzima, ukanywa maji, ukarudi, unalinganisha jozi moja na ndoto ya nyingine.

Na cheza nini? Nina vipande vitatu. Kimoja ni wimbo wa sauti moja na gitaa moja. Kingine ni wimbo uliojaa: ngoma, besi, tarumbeta, waitikiaji, ili nisikie kama kila mmoja ana nafasi yake au wamerundikana. Cha tatu nilikitengeneza mwenyewe, na nakushauri utengeneze chako leo. Weka simu umbali wa mkono, ujirekodi ukisoma taratibu, kisha haraka, kisha kwa kunong'ona:

ana, hana, apa, hapa, kufuta, kusuta, alinifumbua, alinisumbua.

Jozi hizi zinabeba mtihani mzima. S na f zote mbili ni hewa inayopenya kwenye mwanya mdomoni, na sehemu kubwa ya kinachozitofautisha iko juu ya hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde. Hedifoni iliyofifisha sauti za juu itazichanganya. H nayo ni miongoni mwa sauti dhaifu. Besi iliyovimba huimeza. Rekodi ikisikika na kila h iko mahali pake, hata kwenye mnong'ono, hedifoni hizo zina usawa. Zikizidi upande wa pili, s itakuchoma kama sindano kila inapopita, na baada ya saa moja kichwa kitauma. Mimi hutafuta s ninayoisikia bila kukunja uso.

Jambo dogo la pembeni: muuzaji akikuambia sauti itakuwa nzuri baada ya wiki mbili za kutumia, kinachozoea zaidi ni masikio yako. Usinunue ahadi.

Namba za kwenye boksi

Nyingi zipite haraka. Masafa ya hezi 20 hadi 20,000 ndiyo masikio ya kijana mwenye afya yanayoweza kufikia, nasi watu wazima tunasikia chini ya hapo. Boksi linalojivunia hezi 40,000 halikwambii lolote kuhusu namna sauti zilivyogawanywa katikati, ambako ndiko maneno yanakoishi. Upana wa spika kwa milimita hauamui ubora. Omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, nazo usizihangaikie kwenye hedifoni za Bluetooth, kwa kuwa amplifaya imo ndani na kiwanda kimeshavipatanisha.

Namba ya Bluetooth husomwa vibaya. 5.0 ilitoka 2016, na nyingine zimefuata. Namba kubwa haimaanishi sauti tamu zaidi. Kinachohusu sauti ni kodeki, yaani namna sauti inavyofungwa ili isafiri hewani na kufunguliwa upande wa pili. Kodeki ya SBC iko kwenye kila hedifoni ya Bluetooth ya kusikilizia muziki. AAC ndiyo iPhone inayoitegemea. aptX na LDAC utazikuta kwenye simu nyingi za Android, na LDAC ya Sony inafika hadi kilobiti 990 kwa sekunde. Lakini kodeki ni lugha: pande zote mbili lazima ziijue. Kununua hedifoni kwa ajili ya LDAC huku simu yako ni iPhone ni kulipia mlango usiofunguka, kwa kuwa iPhone haina LDAC wala aptX. LC3, iliyotangazwa 2020 pamoja na LE Audio, mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth, ni hatua nzuri, ila nayo uhakikishe simu yako inayo. Kwa kazi yangu ya sauti za watu, kimpira kilichoziba vizuri kimenifaa kuliko kodeki yoyote.

Saa za betri zisome pamoja na maandishi madogo. Mara nyingi zimepimwa sauti ikiwa ya wastani na kizima kelele kimezimwa. Kwa zile za kuchomeka, tenganisha saa za hedifoni zenyewe na saa za kasha. "Saa 30" huenda ni saa 6 masikioni, kisha unarudisha kashani mara nne.

Alama ya IP ina tarakimu mbili: ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IPX4 ni michirizi kutoka kila upande, na kwa jasho inatosha. IPX7 ni kuzama mita moja kwa dakika 30 kwenye maji yasiyo na chumvi. X maana yake upande huo haukupewa alama, siyo kwamba umeshinda. Na hata IPX7 si ruhusa ya kuogelea nazo, kwa kuwa mawimbi ya Bluetooth hayafiki mbali ndani ya maji.

Kuzima kelele

Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alipata wazo la hedifoni zake za kuzima kelele mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich, na kampuni yake ikatoa hedifoni za marubani mwaka 1989. Kwamba lilizaliwa ndani ya ndege inakueleza linafanya nini vizuri. Maiki ndogo inasikia kelele ya nje, chipu inatengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mawili yakikutana yanafutana. Hiyo inafanikiwa kwa kelele nzito isiyobadilika: injini, feni, kiyoyozi. Mtoto analia, mbwa anabweka, mlango unabamizwa, hapo chipu haiwahi, na kinachokukinga ni mto au kimpira chenyewe.

Kwa hiyo usijaribie kwenye chumba kimya. Simama karibu na feni iliyowashwa, mwombe mtu asome kitu kwa sauti nyuma yako. Washa na uzime mara kadhaa. Feni itoweke, yule mtu atapungua tu. Kisha baki nazo zimewashwa bila muziki kwa dakika kumi. Kuna watu wanaohisi mgandamizo masikioni, kama wa kupanda mlima kwa gari. Mimi ni mmoja wao kwenye jozi fulani, na kwenye nyingine sihisi kabisa. Hilo huwezi kulisoma popote. Lazima ulivae.

Sababu yangu kubwa ya kutaka kizima kelele ni usalama. Kelele ya nje ikiwa kubwa, mkono unapandisha sauti bila wewe kujua. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa watu wazima kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na 75 kwa watoto. Ukipanda desibeli 3 tu, muda salama unakatika nusu: 83 ni saa 20. Mimi ninayesikiliza saa 30 na zaidi kila wiki sina nafasi ya kuchezea hapo. Seli ndogo za usikivu ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Simu nyingi siku hizi zinaonyesha desibeli unazosikiliza. Zitazame wakati wa majaribio, feni ikiwa imewashwa.

Maiki, kuchelewa, na kukatika

Kuna jambo linalowashtua wengi: ukipokea simu kwa hedifoni za Bluetooth, sauti yote inadhoofika ghafla. Mara nyingi siyo ubovu. Maiki inapowashwa, kifaa huhamia kwenye mfumo wa simu unaochukua sampuli 16,000 za sauti kwa sekunde, au 8,000 kwa ule wa zamani. Sampuli 8,000 haziwezi kubeba chochote kinachofika hezi 4,000, na ndiyo maana fumbua na sumbua hufanana kwenye simu mbovu. Kwenye mikutano ya kompyuta mimi huchagua maiki ya kompyuta na kuziachia hedifoni kusikiliza tu. Sauti inarudi kuwa nzima mara moja.

Hata hivyo, ijaribu maiki. Jirekodi ukiwa karibu na feni, kisha ukiwa dirishani, usikilize. Nilitumia jozi moja miezi minne kabla ya mteja kuniambia kwa upole kwamba anasikia kama naongea ndani ya pipa. Miezi minne! Mwenyewe hujisikii, kwa hiyo jirekodi.

Kuchelewa kwa sauti kwenye video hakuonekani sana, kwa kuwa programu nyingi za video hungojeana na hedifoni. Kwenye michezo ya simu na kinanda cha simu utaona kuchelewa huko. Mimi huona kuchelewa huko kwenye pedali ya mguu ninayosimamishia rekodi: nikikanyaga, neno moja zaidi linapita. Njia rahisi ya kupima ni kufungua kinanda cha simu, kugonga kitufe kimoja, na kusikilizia pengo kati ya kidole na sikio.

Kukatika nako kupimwe kwa kutembea. Weka simu mfuko wa nyuma, upande ulio kinyume na hedifoni yenye kupokea mawimbi, utembee mahali pa wazi. Mwili umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4 ambayo Bluetooth inayatumia. Ndani ya nyumba kuta hurudisha mawimbi na kukusaidia. Nje hakuna wa kukusaidia. Jozi inayokatikakatika hapo itakatika kila asubuhi.

Kama unatumia kompyuta na simu, hakikisha zinaweza kushika vifaa viwili kwa pamoja. Jaribu pale pale: cheza rekodi kwenye kimoja, pigiwa kwenye kingine.

Zitaishi muda gani

Betri ya hedifoni za kuchomeka ni ndogo sana, na kila chaji inaichakaza kidogo. Uliza kabla ya kulipa: mito inabadilishwa? Betri inabadilishwa? Vimpira vya akiba vinapatikana? Umoja wa Ulaya umelazimisha USB-C kwenye hedifoni za kuchaji kwa waya zinazouzwa huko tangu 28 Desemba 2024, kwa hiyo jozi mpya yenye tundu la kizamani sioni sababu ya kuinunua. Na za kufunika sikio zenye tundu la waya nazipa alama ya ziada. Nyingi kati yake huendelea kusikika kwa waya hata chaji ikiisha, na pedali yangu na waya hawajawahi kuchelewana.

Ukishapima yote, rudi kwenye karatasi ya mwanzo. Usijumlishe alama kama mwalimu wa hesabu. Chagua mambo mawili ambayo yakikosekana jozi inaondoka, hata kama imeshinda kwenye mengine yote. Yangu ni h na miwani. Ya mpwa wangu ni kusikia magari na kutodondoka. Zikibaki jozi mbili zilizofaulu, chukua nyepesi.

Uliza siku za kurudisha kabla ya kulipa, tunza boksi na risiti, usitupe hata kipande cha plastiki. Siku ya kwanza nyumbani fanya nazo kazi ya siku nzima, siyo ya dakika kumi. Jioni, masikio yakiwa yamechoka, mimi huifungua rekodi ya yule mzee kwenye dakika ileile, nikashusha sauti mpaka karibu na kunong'ona, nikasikiliza anavyosema kuhusu deni lake.